Shajara ya mradi: kukagua msimbo wa C wa lango la mita za maji

Kinachokaguliwa ni programu ya C ya mistari 9,400 hivi, mafaili 31. Inakaa kwenye bodi ndogo ya Linux, ARM ya biti 32, ndani ya kisanduku cha mita kwenye ngazi za ploti ya ghorofa. Inasoma mita ya maji ya kila nyumba kwa Modbus RTU, itifaki ya kuzungumza na mita, kupitia kebo ya RS-485, inatuma usomaji kwa seva kwa modemu ya simu, na inapokea amri kwa SMS: funga valvu, fungua, soma tena. Ploti ya kwanza iko mtaa wa Pipeline, Nairobi. Kabla kifaa hakijafungwa huko, msimbo wote unapitishwa kwenye zana zinazosoma chanzo bila kukiendesha. Kuendesha peke yake hakutoshi: mita zikijibu vizuri mwezi mzima, sehemu inayoshughulikia jibu bovu haijaguswa hata mara moja, na udhaifu hukaa hukohuko.

Siku ya 1: milango kwanza

Hakuna zana iliyowashwa leo. Kazi ilikuwa kuandika kila mahali ambapo namba au maandishi huingia kutoka nje. Tulitafuta kwa grep, amri ya kusaka maneno ndani ya mafaili: read, recv, fgets, fgetc, fread, sscanf, getenv, argv. Milango ikawa mitano: kebo ya RS-485, modemu, faili la mipangilio, jibu la seva, na faili la hali ambalo programu yenyewe huandika diskini kila baada ya dakika tano.

Huo wa tano ndio unaosahaulika kwa wepesi. Kila mtu huliamini faili alilolitengeneza mwenyewe. Lakini stima ikipotea katikati ya kuandika, kinachosomwa asubuhi ni nusu ya faili, na namba iliyo mwanzoni inaweza kudai rekodi elfu moja wakati zipo kumi.

Kisha tukatayarisha orodha ya jinsi kila faili linavyokompailiwa, maana zana nyingi huihitaji; bear ndiyo huirekodi make ikijenga:

```
make clean
bear -- make CC=arm-linux-gnueabihf-gcc
```

Ukiruka make clean, na kila kitu kilishajengwa, make haifanyi lolote na compile_commands.json, yaani orodha hiyo, hutoka tupu. Zana inaweza kupita juu ya orodha tupu na kusema hakuna kosa. Angalia ukubwa wa faili hilo kabla ya kushangilia.

Siku ya 2: kompaila

Makefile ya zamani ilikuwa na -w, yaani nyamaza kabisa. Tuliitoa, tukaweka:

```
-O2 -Wall -Wextra -Wformat=2 -Wconversion -Wnull-dereference
```

-O2 haipo hapo kwa ajili ya kasi. Maonyo kama -Wmaybe-uninitialized na -Wstringop-overflow hutegemea hesabu ambazo kompaila hufanya inapoboresha msimbo. Bila hiyo mengi hayatokei. Tukiacha kelele za -Wconversion kando kwa sasa, yalitoka maonyo 412: 287 ya vigeu visivyotumika, 96 ya kulinganisha namba yenye alama (inayoweza kuwa hasi) na isiyo na alama, na 29 ya kweli kweli.

Moja kati ya hayo 29 linafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kwenye laptopu halionekani:

```c
char c;
while ((c = fgetc(f)) != EOF)
    mstari[k++] = c;
```

Kwenye laptopu ya kawaida char ina alama, hivyo EOF, ishara ya mwisho wa faili, yaani -1, hufikika. Kwenye Linux ya ARM char haina alama. Baada ya kuwekwa ndani ya c, -1 hugeuka 255, na 255 kamwe si sawa na -1. Mzunguko hauishi, k inapanda mpaka nje ya safu. Kwenye laptopu nako si salama: baiti 0xFF ndani ya faili huonekana kama mwisho wa faili. Dawa ni int c, pamoja na mpaka wa k. Onyo lililotoa habari ni -Wtype-limits, ambalo limo ndani ya -Wextra, na lilitokea tu kwa kuwa tulitumia kompaila ya ARM. Kompaila ya laptopu ilikuwa kimya.

Jambo la pili la leo: andika_logi, funksheni yetu ya kuandika kumbukumbu za kazi, huchukua fomati kama printf, lakini kompaila haina njia ya kulijua hilo. Tuliongeza mstari mmoja kwenye hedari:

```c
void andika_logi(const char *fmt, ...)
    __attribute__((format(printf, 1, 2)));
```

Papo hapo zikatokea sehemu tatu zenye andika_logi(ujumbe), na ujumbe huo ni maandishi ya SMS kama yalivyofika. Mtu akituma SMS yenye %x%x%x, logi inaandika yaliyomo kwenye staki, kumbukumbu ya muda ya funksheni. Akiweka %n, printf inajaribu kuandika kwenye kumbukumbu. Hii ni CWE-134 katika orodha ya aina za udhaifu, na dawa yake ni herufi chache: andika_logi("%s", ujumbe). Kila funksheni ya namna hii inapaswa kupewa alama hiyo kabla ya zana yoyote kubwa kuwashwa. Hakuna badiliko lingine lililolipa zaidi kwa dakika moja ya kazi.

Siku ya 3: Flawfinder

Sekunde mbili, imemaliza. Flawfinder haielewi msimbo. Inatafuta majina ya funksheni hatari na kuyapa daraja kutoka 0 hadi 5. gets iko 5, na ni haki yake: ndiyo iliyotumiwa na mdudu wa Morris mwaka 1988 kuingia kupitia fingerd, huduma ya kuuliza habari za watumiaji, na C11, toleo la 2011, ikaiondoa kabisa kwenye lugha. strcpy, sprintf na system ziko 4. memcpy iko 2.

Hapo pana mtego. Wengi huendesha Flawfinder kwa --minlevel=4 ili kupunguza orodha, na sisi vilevile: kutoka 138 hadi 19. Kasoro mbaya kuliko zote katika mradi huu ilikuwa ya memcpy, kwa hiyo ilifutika pamoja na takataka.

Kati ya zile 19, moja ilikuwa system inayotengeneza amri ya ping kwa jina la seva kutoka faili la mipangilio. Tumeiondoa, getaddrinfo na connect zinatosha kujua kama seva inafikika.

Nyingine zilikuwa strcpy, na hapo tulikataa pendekezo la kubadilisha zote kuwa strncpy. strncpy haiweki sifuri ya mwisho ikiwa chanzo kimejaza bafa, nafasi ya kuwekea maandishi. Unatoa kosa linaloonekana, unaweka lisiloonekana. Tulitumia snprintf, lakini nayo ina lake, na tulilikuta palepale kwenye funksheni inayounda ripoti:

```c
char b[128];
size_t n = 0;
for (i = 0; i < nyumba; i++)
    n += snprintf(b + n, sizeof b - n, "%s=%u;", jina[i], soma[i]);
```

snprintf hairudishi idadi ya herufi ilizoandika. Inarudisha idadi ambayo ingeandika kama nafasi ingetosha. Bafa ikijaa, n inaweza kufika 140. Kwenye biti 32, 128 kutoa 140 katika namba isiyo na alama ni 4294967284, na hiyo ndiyo nafasi ambayo snprintf inaambiwa inayo katika mzunguko unaofuata. Ploti ya nyumba sita haifiki huko. Ya nyumba ishirini inafika. Sasa thamani inayorudishwa inawekwa kwenye kigeu cha peke yake, inalinganishwa na nafasi iliyobaki, na ikizidi, ripoti inatumwa kwa vipande.

Siku ya 4: cppcheck

```
cppcheck --project=compile_commands.json --library=posix \
  --platform=unix32-unsigned --enable=warning,portability \
  --inline-suppr --cppcheck-build-dir=.cpp --error-exitcode=1
```

cppcheck huchambua msimbo wenyewe, si majina tu. --platform ni muhimu kwa sababu ya siku ya 2: unix32-unsigned maana yake int na pointa (anwani za kumbukumbu) za biti 32, na char isiyo na alama. Ukiiacha, zana inakagua laptopu yako badala ya kifaa. --cppcheck-build-dir huhifadhi matokeo ili mafaili ambayo hayajabadilika yasirudiwe.

Mavuno: faili lisilofungwa katika njia mbili za makosa, realloc inayorudishwa kwenye pointa ileile, ambapo ikishindwa pointa ya zamani imepotea na kumbukumbu imevuja, na onyo moja la nullPointerRedundantCheck. Hili la mwisho watu hulidharau. Linasema: hapa pointa inatumiwa, na mistari mitatu chini inaulizwa kama ni NULL, yaani haielekezi popote. Ama swali halina maana, ama matumizi ni hatari.

Mwaka 2009 kasoro ya sura hiyo ilikuwa kwenye keneli, kiini cha Linux, dereva wa tun, CVE-2009-1897 (namba yake katika orodha ya kasoro zilizotangazwa). Pointa ilisomwa kwanza, swali la NULL likaja baadaye, na kompaila ikajiambia: kama imeshasomwa basi si NULL, ikalifuta swali lenyewe. Kilichokuwa kuanguka tu kikawa njia ya kupata mamlaka ya juu. Keneli ikaanza kukompailiwa na -fno-delete-null-pointer-checks. Kwetu tumepandisha swali juu ya matumizi.

Siku ya 5 na ya 6: scan-build na -fanalyzer

Zana hizi mbili hufuata njia za programu: kama sharti hili ni kweli na lile ni uongo, pointa ina nini mstari wa 210? Kwa hiyo ni nzito. Stima ilikatika saa nane mchana wa siku ya 5, na kilichobaki ni ripoti nusu. Tangu hapo kila faili linachunguzwa kwa amri yake na matokeo yake kuhifadhiwa papo hapo.

```
scan-build --use-cc=arm-linux-gnueabihf-gcc \
  --analyzer-target=arm-linux-gnueabihf -o ripoti make
```

GCC yenyewe ina -fanalyzer tangu toleo la 10. Ilikamata jambo ambalo cppcheck haikuliona: ombi la modemu likishindwa, funksheni ya kutuma hulifuta, kisha aliyeiita husoma o->jaribio ili kuandika kwenye logi ni mara ya ngapi. Kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa inasomwa. Ripoti ilionyesha njia yote hatua kwa hatua, hatua 11, na hicho ndicho kinachofanya zana hizi zivumiliwe: hubishani nayo, unafuata vidole vyake.

Shida ni kwamba kwa kawaida zote mbili huona faili moja kwa wakati. ombi_futa ikiwa kwenye faili jingine, zana haijui kwamba ndani yake kuna free. Njia rahisi ni kuiambia kwenye hedari:

```c
void ombi_futa(struct ombi *o);
struct ombi *ombi_mpya(void)
    __attribute__((malloc(ombi_futa, 1)));
```

Yaani, kinachotoka ombi_mpya kinaachiliwa na ombi_futa, kama hoja ya kwanza. GCC 11 na kuendelea inaelewa. Baada ya kuandika hivi kwa aina tatu za data, yalitokea maonyo mapya manne; mawili ya kweli, mawili ya uongo.

Malloc 17 zisizoulizwa kama zimepata kumbukumbu zilirekebishwa kwa pamoja. Hazistahili aya.

Siku ya 7: memcpy kumi na nne

Hadi hapa zana zimesema mengi, lakini mlango wa kwanza wa orodha, kebo ya RS-485, hauna onyo hata moja. Ukimya huo ndio uliotutia shaka. Tukarudi kwenye grep ya kizamani: kila memcpy au memmove ambayo urefu wake si sizeof wala namba isiyobadilika. Zilikuwa 23, tisa zikaondoka, zikabaki 14. Kwa kila moja tuliuliza swali moja tu, tukienda kinyumenyume: urefu huu umetoka wapi? Ya sita ilikuwa hii:

```c
static int soma_jibu(int fd, uint8_t *toka, size_t ukubwa)
{
    uint8_t fremu[256];
    ssize_t n = read(fd, fremu, sizeof fremu);
    if (n < 5)
        return -1;
    if (crc16(fremu, n - 2) != crc_ya_mwisho(fremu, n))
        return -1;
    uint8_t idadi = fremu[2];
    assert(idadi <= ukubwa);
    memcpy(toka, fremu + 3, idadi);
    return idadi;
}
```

Jibu la Modbus, yaani fremu, kwa amri 0x03 ya kusoma lina anwani baiti 1, namba ya amri baiti 1, idadi ya baiti za data, data yenyewe, na CRC, namba ya kuhakiki, baiti 2. Idadi hiyo inaandikwa na aliye upande wa pili wa kebo. toka, bafa ya kupokea data, ina baiti 32.

Makosa yamerundikana hapa kama sufuria baada ya harusi. La kwanza: ulinzi wote ni assert, ambayo husimamisha programu sharti lisipotimia, na kifaa hujengwa na -DNDEBUG, ambayo huifuta assert kana kwamba haikuandikwa. Idadi ya 255 inaandika baiti 223 nje ya toka. Hii pia ndiyo sababu scan-build ilinyamaza: ilikagua msimbo wenye assert, ikaiamini. Assert ni ya kumwambia mwandishi kwamba amekosea. Haifai kusimama mlangoni. Sasa uchunguzi unafanywa mara mbili, na NDEBUG na bila yake, na kila assert iliyogusa data ya nje imegeuzwa kuwa if.

La pili: idadi hailinganishwi na n. Fremu ya baiti 7 inayodai data 32 itanakili mabaki ya staki na kuyatuma kwa seva kama usomaji. Ni pacha wa Heartbleed, CVE-2014-0160: maktaba ya usimbaji ya OpenSSL, matoleo 1.0.1 hadi 1.0.1f, iliamini urefu uliotajwa ndani ya ujumbe bila kuulinganisha na ujumbe uliofika, na kumwaga hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu kwa kila ombi. Yetu inamwaga kidogo zaidi, lakini staki hiyohiyo hupitiwa na namba za simu za wapangaji, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 haiulizi ni baiti ngapi.

La tatu halihitaji adui. Mita ikishindwa hujibu kwa baiti tano: anwani, 0x83, namba ya kosa, CRC. Msimbo hauangalii baiti ya pili. Kosa namba 2 linasomwa kuwa data ya baiti mbili, na baiti mbili zinazofuata ni CRC. Kwa maneno mengine mpangaji angeweza kutozwa CRC.

Kuna aliyesema CRC inatosha kuwa kinga. CRC ni kinga ya kelele za kebo tu. Hesabu yake inajulikana na wote, kuanzia 0xFFFF, na 0xA001, baiti ndogo ikitangulia. Mwenye adapta ya USB ya RS-485 kutoka maduka ya Luthuli Avenue na kisanduku cha mita kisicho na kufuli anaitengeneza kwa mistari kumi.

Marekebisho:

```c
    if (n < 5 || fremu[1] != 0x03)
        return -1;
    /* ukaguzi wa CRC unabaki hapa */
    size_t idadi = fremu[2];
    if (idadi + 5 != (size_t)n || idadi > ukubwa)
        return -1;
```

Tatizo jingine likaonekana mara moja: kwenye kebo ya kweli, read hurudisha fremu vipande vipande, na kipande hakipiti CRC wala sharti la n kamili, hivyo majibu halali hukataliwa. Ilibidi kusoma kwa mzunguko mpaka pawepo ukimya wa muda wa herufi tatu na nusu. Kwa kasi ya 9600 ni kama milisekunde 4. Msimbo wa zamani nao ulikuwa ukivikataa vipande hivyo, kwa CRC.

Siku ya 8: faili la hali

Mlango wa tano, kama tulivyohofia.

```c
uint32_t idadi;
fread(&idadi, sizeof idadi, 1, f);
struct rekodi *r = malloc(idadi * sizeof *r);
```

Rekodi moja ni baiti 24. Idadi ikiwa 178956971, zao lake ni 4294967304, ambalo biti 32 haziwezi kulibeba, linabaki 8. malloc inatoa baiti 8 kwa furaha, na mzunguko unaofuata unaanza kuandika rekodi za baiti 24. Kwenye laptopu ya biti 64 hesabu haifuriki, malloc inaomba gigabaiti 4, na jaribio linaonekana salama au linashindwa kwa adabu. calloc ya glibc hukagua kuzidisha huko, lakini dawa bora ni kuuliza ukweli: fstat inatoa ukubwa wa faili, na idadi isiyozidi ukubwa ukiondoa kichwa, gawanya kwa 24, ndiyo pekee inayokubaliwa. fread nayo sasa inaulizwa kama imesoma.

Kuandika pia kumebadilika: faili la muda, fsync, halafu rename.

Siku ya 9: kunyamazisha maonyo

Yamebaki maonyo 61 yanayoonekana kuwa ya uongo. Kishawishi ni kuyazima kwa mkupuo. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL katika Debian aliondoa mistari miwili kwa sababu Valgrind, zana ya kukagua kumbukumbu, ililalamikia kumbukumbu isiyojazwa. Mmoja kati ya mistari hiyo ndio ulioingiza nasibu kwenye jenereta ya namba za kutengenezea funguo. Ikabaki namba ya mchakato peke yake, uwezekano 32,768, na kwa karibu miaka miwili funguo zilizotengenezwa kwenye mashine hizo zilikuwa za kukisiwa, hadi Luciano Bello alipogundua mwaka 2008. CVE-2008-0166.

Utaratibu wetu: onyo linazimwa pale lilipo, kwa sababu iliyoandikwa, na sababu lazima itaje mlango.

```c
/* idadi: imekaguliwa soma_jibu(), mlango wa 1 */
// cppcheck-suppress arrayIndexOutOfBounds
```

«Si tatizo» haikubaliwi kama sababu. Kati ya 61, matano yalikosa mtu wa kuyaandikia sababu, na mawili kati ya hayo matano yakaonekana kuwa ya kweli.

Siku ya 10: kuthibitisha

Onyo likiitwa udhaifu, lazima lionyeshwe. Tulijenga soma_jibu kwenye laptopu kwa sura inayokaribia ARM:

```
gcc -m32 -funsigned-char -DNDEBUG -g -O1 \
  -fsanitize=address,undefined jaribio.c fremu.c
```

-m32 inahitaji kifurushi cha gcc-multilib, la sivyo kompaila italia kuhusu hedari zisizopatikana. Fremu inaingizwa kwa pipe, CRC yake ikiwa sahihi. Usianze na idadi ya 255: 3 na 255 ni 258, inapita hata fremu yenyewe ya 256, na AddressSanitizer (ukaguzi wa kumbukumbu unaowashwa na -fsanitize=address) inasimama kwenye kusoma kabla ya kuonyesha kuandika. Kwa 200 inasema stack-buffer-overflow, WRITE of size 200, na kutaja toka kwa jina. Fremu fupi inayodai 32 haikuonyesha lolote, kwa kuwa baiti zote bado zimo ndani ya fremu. Hiyo huonekana kwa MemorySanitizer ya kompaila ya clang, inayofuatilia kumbukumbu isiyojazwa. Majaribio yote mawili yamehifadhiwa na yanaendeshwa kila mara.

Siku ya 11: modemu, haijaisha

```c
char hali[12], namba[14];
sscanf(jibu, "+CMGR: \"%[^\"]\",\"%[^\"]\"", hali, namba);
```

Hapa modemu inajibu ombi la kusoma SMS: hali yake na namba ya aliyetuma. namba imepimwa kwa +254 na tarakimu tisa, herufi 13 na sifuri. Kompaila haisemi kitu kwa sababu aina za data zinalingana. Lakini modemu ikiwa katika UCS2, mfumo mmoja wa kuandika herufi, kila herufi huandikwa kwa tarakimu nne, na namba hiyohiyo ya 13 inakuwa 52. hali nayo ni finyu: "REC UNREAD" ni herufi 10, lakini hakuna kinachoizuia kuzidi 11. Sasa ni %11[^\"] na %13[^\"], thamani ya sscanf inaulizwa kama ni 2, na AT+CSCS, amri ya kuchagua mfumo wa herufi, inawekwa GSM wakati wa kuwaka, si kudhaniwa.

Sehemu inayosoma wakati wa SMS bado. Modemu huandika saa ya Nairobi kwa mkia wa +12, yaani robo saa kumi na mbili, na msimbo unaichukulia kuwa saa kumi na mbili. Si udhaifu, ila amri ya valvu yenye muda wa kuisha inahukumiwa kwa saa tisa za makosa, kwa hiyo imeingizwa kwenye orodha ileile.

Kwenye ujenzi wa kila siku zimewekwa -Werror=format-security, -Werror=type-limits na -Werror=return-type peke yake. -Werror ya jumla ilikataliwa: kompaila mpya ikiongeza onyo, ujenzi wa zamani unavunjika bila mstari kubadilika. cppcheck inaendeshwa kila badiliko, scan-build na -fanalyzer usiku. Mlango wa nne, jibu la seva, unafunguliwa Jumatatu, ukianza na urefu unaotajwa kwenye Content-Length.